OMBI LA MSOMI NA MASIKIO YA HADHARA: Ufadhili wa Utafiti katika Historia ya Bungoma na Kitale

Utangulizi

Ombi la ufadhili wa utafiti ni aina ya maandishi ambayo wanahistoria hawaitazami mara nyingi. Kitabu kikishachapishwa, ombi lililokizaa husahauliwa katika jalada la ofisi iliyotoa fedha. Hata hivyo, ombi hutangulia yote. Humo ndimo mwombaji anapowataja kwa mara ya kwanza watu atakaowachunguza, lugha atakayoitumia, muda atakaokaa kwao, na jambo atakalowarudishia, iwapo lipo. Aidha, humo ndimo inapodhihirika ni nani atakayemhukumu.

Katika miaka ya karibuni umezuka ufadhili wa namna mpya, unaotolewa kwa watu waliokwisha kupata shahada ya udaktari. Ufadhili huu haumtaki mwombaji aeleze utafiti wake tu, bali humtaka pia aonyeshe jinsi elimu yake itakavyoingia katika maisha ya raia: katika mabaraza, shule, makumbusho na ofisi za serikali za mitaa. Huko Marekani mwelekeo huu ulipata nguvu baada ya kuundwa kwa umoja wa vyuo uitwao Imagining America mwaka 1999. Mwaka 2011 Baraza la Jumuiya za Wanazuoni wa Marekani (ACLS) lilianzisha mpango wa kuwapeleka wenye udaktari mpya katika idara za serikali na mashirika yasiyotafuta faida. Elimu ya namna hii inaweza kuitwa usomi wa umma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali linaloulizwa na ufadhili huo, yaani msomi anawajibika kwa nani, si geni hata kidogo katika sehemu za Bungoma na Kitale. Swali hilo limeulizwa huko kwa karibu karne nzima, wakati mwingine na wasomi, lakini mara nyingi zaidi na watu wanaosomwa. Historia yake inaonyesha kuwa kasoro ya ombi haikuwa uhaba wa nia njema. Kasoro ilikuwa kwamba hadhara iliyotajwa ndani ya ombi haikuwa na nafasi mahali ombi lilipoamuliwa.

Ufadhili wa London, 1931–1949

Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliundwa London mwaka 1926, mwenyekiti wake akiwa Lord Lugard. Wataalamu wa lugha wanaikumbuka hasa kwa mwongozo wake wa namna ya kuandika lugha za Kiafrika, uliotolewa mwaka 1927 na kurekebishwa mwaka 1930, na kwa mashindano yake ya vitabu vilivyoandikwa na Waafrika katika lugha zao wenyewe. Mwaka 1931 Taasisi ilipata msaada wa fedha kutoka Rockefeller Foundation ya Marekani, na mwaka 1932 ikatangaza katika jarida lake, *Africa*, mpango wa utafiti wa miaka mitano. Kwa fedha hizo watafiti wenye elimu ya juu waliweza kulipwa ili waende kuishi na jamii za Kiafrika, wajifunze lugha zao na kuandika habari zao. Wengi wao walipitia semina ya Bronislaw Malinowski katika Chuo cha Uchumi cha London. Malinowski mwenyewe alikuwa ameeleza mwaka 1929, katika jarida lilo hilo, kwamba elimu ya jamii za watu yapasa iwafae watawala, walimu na wamisionari.

Miongoni mwa waliopata ufadhili huo alikuwamo Mjerumani Günter Wagner. Alikuwa amekwisha kufanya utafiti kati ya Wahindi Wekundu wa Marekani, akachapisha hadithi za Wayuchi mwaka 1931, na tayari alikuwa na shahada ya udaktari. Kwa maneno ya leo, alikuwa mtafiti wa baada ya udaktari. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1938 alifanya kazi katika wilaya ya Kavirondo Kaskazini, hasa kati ya Walogoli wa kusini na Wabukusu wa kaskazini. Matokeo yake ni ya thamani kubwa. Sura yake kuhusu utawala wa jamii hizo ilitokea mwaka 1940 katika mkusanyo wa *African Political Systems*. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu ilichapwa mwaka 1949, na ya pili ilitoka mwaka 1956, miaka minne baada ya kufa kwake.

Si haki kumlaumu Wagner kana kwamba alikuwa mpita njia. Alikaa, alisikiliza, na aliandika mambo ambayo wanahistoria wa jamii hizo wameyategemea tangu hapo. Lakini mpango uliomleta uwatazame walengwa wake: mtawala, mwalimu na mmisionari. Watu watatu hao ndio waliokuwa umma wa utafiti wake. Mbukusu wa Kimilili au Malakisi alikuwa mtoa habari. Hakuhesabiwa kuwa msomaji. Hata jina lake lilichapwa kwa umbo la *Vugusu*, ilhali wenyewe hujiita Babukusu. Kitabu kilipotoka kilikuwa kwa Kiingereza, na kilichapishwa nchi ambayo wengi wa waliozungumza na mwandishi hawakupata kuiona. Waswahili husema, *mgeni njoo, mwenyeji apone*. Mgeni alikuja, naye alikuwa mgeni mwema. Lakini hakuna mahali katika mpango ule palipoulizwa mwenyeji atapona vipi.

Waombaji wa upande wa pili

Wakati Wagner anafika, wenyeji nao walikuwa katikati ya shughuli ya kutoa maelezo ya historia yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawia walowezi, wakiwamo waliokuwa askari, mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Kitale ukawa mji wa walowezi. Wabukusu wengi waliingia katika mashamba hayo kama vibarua na maskwota, katika nchi ambayo wazee wao waliihesabu kuwa yao. Mwaka 1932 iliundwa Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya uenyekiti wa Morris Carter. Tume ilipokea ushahidi wa wazee na vyama kutoka sehemu nyingi za koloni, Kavirondo Kaskazini ikiwamo, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1934.

Hivyo basi, miaka ile ile palikuwa na namna mbili za maombi. Kwa upande mmoja, msomi aliiomba taasisi ya London ruhusa na fedha za kuyajua maisha ya watu. Kwa upande mwingine, watu wale wale waliiomba tume ya serikali iyakubali maisha yao kuwa ushahidi. Mzee aliyesimama mbele ya tume alipaswa kufanya yote yanayotakiwa kwa mwandishi wa ombi la leo. Alieleza asili ya jambo, akataja mashahidi, akaonyesha mipaka, akasema anataka nini. Tofauti ni kwamba yeye hakulipwa, na akishindwa aliyepoteza ni ukoo mzima.

Mwaka huo wa 1934 kiliundwa Chama cha Kavirondo Kaskazini (North Kavirondo Central Association), nacho kilisaidia kulieneza jina la *Abaluyia* kuwa jina la umoja wa jamii za wilaya ile. Katika miaka ya 1940 jitihada za umoja zilihamia katika lugha. Kamati iliyoongozwa na mmisionari L. L. Appleby ilijaribu kuunda Kiluyia sanifu cha kuandikia vitabu vya shule na vya dini. Appleby alitoa kamusi mwaka 1943 na sarufi mwaka 1947. Kazi ilikuwa ya kitaalamu, lakini usanifu ulielekea zaidi lahaja za katikati, na Walogoli na Wabukusu hawakuukubali. Kwa mtaalamu wa lugha tukio hili lina fundisho zito. Kamati inaweza kuwa na ujuzi wa fonetiki na orodha ndefu ya msamiati, nayo ikakosa kibali cha wasemaji. Kibali hicho hakiombwi baada ya kazi kwisha.

Historia iliitwa tena kutoa ushahidi mwaka 1962, uhuru ulipokaribia, Tume ya Mipaka ya Majimbo ilipozunguka nchini. Swali mojawapo gumu lilikuwa Kitale na Trans Nzoia. Viongozi wa Waluyia, akiwamo Masinde Muliro, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cape Town na kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, walidai kwamba sehemu hiyo ni ya magharibi. Viongozi wa Wakalenjin walidai ni ya Bonde la Ufa. Kila upande ulileta majina ya mito, makaburi, koo na vita vya zamani. Hatimaye Bungoma iliwekwa katika Jimbo la Magharibi, na Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Tangu hapo mpaka wa utawala umepita kati ya miji hii miwili, ingawa jamaa za pande zote wanazikana na kuoana kama zamani. Ni wazi kwamba katika nchi hii utafiti wa historia haukupata kuwa jambo la maktaba peke yake. Neno moja katika ukurasa huweza kusomwa kama hati ya shamba.

Wasomi wasioomba London

Pamoja na ufadhili wa ng'ambo palikuwapo njia nyingine za kuhifadhi elimu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu mwenye mali. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kitale, alikusanya wadudu, ndege, wanyama, vitabu na vyombo vya wenyeji kwa maisha yake yote, na mwaka 1926 akafungua makumbusho yake binafsi. Hakuhitaji kumwandikia mtu ombi; shamba lilikuwa lake, fedha zilikuwa zake, na umma ulikuwa ule aliotaka yeye. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake pamoja na fedha za kuuendeleza. Mwaka 1974 makumbusho mapya ya taifa yakafunguliwa mjini Kitale, yakiwa ya kwanza ya mkoani katika sehemu za bara. Humo, mbali na wadudu wa Kanali, mgeni huona pia nyumba za jadi za jamii za magharibi mwa Kenya. Mkusanyo wa mtu mmoja ukawa mali ya watoto wa shule wa pande zote mbili za mpaka.

Njia ya pili ilikuwa ya wasomi wenyeji. John Osogo alitoa historia ya Waluyia mwaka 1966. Gideon Were alitoa yake mwaka 1967, na mwaka huo huo akachapisha pia mkusanyo wa masimulizi ya wazee wa Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon. Jambo hili la pili lina uzito wake. Mwanahistoria aliyetumia ushahidi wa wazee aliuweka ushahidi wenyewe mbele ya macho ya watu, ili msomaji aweze kupima kama mwandishi alimsikia mzee sawasawa. Mwaka 1978 F. E. Makila alitoa historia ya Wabukusu. Vitabu hivi vyote viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mitihani na ya wachapishaji. Kwa hivyo mwenyeji alikuwa amekwisha kushika kalamu, lakini bibi yake wa Bungoma bado alihitaji mkalimani ili asikie yaliyosemwa juu ya ukoo wake.

Kumuse: hadhara inapomwita msomi

Ipo taasisi moja ya usomi wa umma katika nchi hii iliyo kongwe kuliko zote zilizotajwa. Miongoni mwa Wabukusu, anapofariki mzee mwenye heshima, siku chache baada ya maziko huitishwa mkutano ambao ndani yake *huswaliwa kumuse*. Msemaji, ambaye hutoka katika koo zenye haki ya kazi hiyo, hutembea akienda na kurudi katika uwanja uliozungukwa na watu, fimbo mkononi. Hueleza asili ya Wabukusu na safari zao, hutaja koo na namna zinavyohusiana, huwakumbusha watu maneno ya watabiri wa kale kama vile Mutonyi wa Bukelembe na Maina wa Nalukale, huwaonya viongozi, na huwataka wafiwa waishi kwa amani.

Wataalamu wa fasihi simulizi huitazama kumuse kama utanzu wa ufasaha. Hilo ni sahihi, na ni mojawapo ya matunda ya mabadiliko yaliyoanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o walipodai kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwe kiini cha masomo. Lakini kumuse yaweza kutazamwa pia kama mpango kamili wa usomi wa umma, na hapo ndipo tofauti yake na ombi la ufadhili inapojitokeza.

Kwanza, katika kumuse msomi haombi, huitwa. Wenye msiba ndio wanaomhitaji, nao humwita kwa sababu wamekwisha kumsikia kwingine au wamepata habari zake. Pili, wanaomhukumu wapo mbele yake. Akikosea nasaba ya ukoo, mwenye ukoo yuko pale pale ameketi. Tatu, lugha ya elimu ndiyo lugha ya wasikilizaji, wala hakuna tafsiri kati yao. Nne, elimu hutolewa kwa ajili ya jambo la wakati huo: kuzuia ugomvi wa urithi, kupatanisha koo, kumkemea mkubwa aliyepotoka bila ya kumvunjia heshima.

Haifai, hata hivyo, kuipamba kumuse kupita kiasi. Kazi yenyewe ni ya koo maalumu, na kwa desturi ni ya wanaume. Heshima yake humwendea mzee aliyetimiza masharti. Mjane, kijana, Mteso jirani au maskwota wa Trans Nzoia asiye na ukoo mahali pale huweza kusikiliza, lakini historia yake si lazima isimuliwe. Aidha, msemaji anayewategemea waliomwita huweza kuona vigumu kusema lisilowapendeza. Hapa ndipo ufadhili wa mbali unapokuwa na faida yake, kwa kuwa humpa msomi nafasi ya kuuliza maswali ambayo jamaa wa marehemu wasingependa yaulizwe. Basi hoja si kwamba njia moja ishike mahali pa nyingine. Hoja ni kwamba kila moja ina sikio ambalo nyingine haina.

Ombi la leo

Mtu mwenye shahada ya udaktari anayetaka leo kufanya kazi ya usomi wa umma Bungoma au Kitale ana misingi ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 7 inaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji, na Ibara ya 10 imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, Bungoma ikiwa kaunti na Trans Nzoia, yenye makao yake Kitale, ikiwa kaunti nyingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya elimu ya uraia. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho karibu na mji wa Bungoma, kilipata hati yake mwaka 2015. Kwa maneno mengine, maisha ya kiraia ambayo ufadhili huyataja yana sheria, ofisi na vikao vyake.

Kilichobaki haba ni fedha, na mahali fedha zinapoamuliwa. Mpango wa ACLS kwa ajili ya taaluma za utu katika Afrika, ulioanzishwa mwaka 2008 na kutoa ufadhili wa baada ya udaktari, ulilenga nchi tano: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Msomi mwenye makao yake Kenya hakuwa miongoni mwa waliolengwa, ingawa kutoka Bungoma hadi mpaka wa Uganda ni mwendo mfupi wa gari. Aghalabu mwombaji wa Kenya huelekea Ulaya au Marekani, akaandika kwa Kiingereza mbele ya halmashauri ya uteuzi ambayo yumkini haijapata kusikia jina la Kimilili.

Ombi la namna hiyo huwa na sehemu zinazojulikana: maelezo ya mradi, mpango wa kazi, makadirio ya fedha, barua za wadhamini, na maelezo juu ya faida kwa umma. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyo dhaifu mara nyingi. Mwombaji huahidi warsha na mikutano, akalitaja neno *jamii* mara nyingi bila ya kusema ni jamii ipi, itakutana wapi, na itaongea lugha gani. Halmashauri nayo haina njia ya kujua. Methali yasema, *asiyekuwapo na lake halipo*. Mzee wa Malakisi na mwalimu wa Kitale hawamo katika chumba cha uteuzi, na kwa sababu hiyo lao halimo.

Historia iliyosimuliwa hapa inadokeza marekebisho matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni lugha. Ombi linalodai kuwahudumia wasemaji wa Kibukusu, Kisabaoti au Kiteso litaje ni maandishi gani yatakayotolewa kwa lugha hizo na kwa Kiswahili, na ni nani atakayeyasahihisha. Muda wa kazi hiyo uwekwe katika mpango, na malipo yake katika makadirio. La pili ni wadhamini. Pamoja na barua za maprofesa, ombi lichukue neno la watu watakaofanyiwa utafiti. Neno hilo linaweza kusemwa kwa mdomo na kurekodiwa, kwani tume za mwaka 1932 na 1962 zilipokea ushahidi wa namna hiyo na kuukata kesi kubwa kuliko za vyuo. La tatu ni hukumu ya mwisho. Mtafiti asome matokeo yake mbele ya hadhara kabla ya kuyachapa, na yale yaliyokosolewa yaandikwe ndani ya kitabu, kama Were alivyoandika masimulizi ya wazee kando ya historia yake.

Hitimisho

Tangu ufadhili wa London hadi ule wa usomi wa umma, Bungoma na Kitale hazikukosa watu wa kuzichunguza, wala hazikukosa watu wenye kuijua historia yao. Zilichokosa ni daraja kati ya chumba kinachoamua utafiti na uwanja ambao maneno ya utafiti hupimwa. Wagner aliandika kwa ajili ya mtawala. Kamati ya lugha iliandika kwa ajili ya umoja ambao haukuwa umekubaliwa. Stoneham alikusanya kwa mapenzi yake, na nchi ikapata urithi kwa wasia wa mtu mmoja. Msemaji wa kumuse peke yake ndiye aliyesimama mbele ya waamuzi wake, ijapokuwa uwanja wake nao una watu walioachwa nje.

Idara za lugha za Kiafrika zina wajibu wa pekee katika jambo hili, kwa kuwa ndizo zinazowafundisha waombaji wa kesho na ndizo zinazoulizwa maoni juu ya maombi ya wengine. Mwalimu anayeandika barua ya kumdhamini mwanafunzi wake anaweza kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: siku utakapoyasoma haya Kimilili au Kitale, utayasoma kwa lugha gani, na nani atakuwa na haki ya kukukatiza? Mwombaji asiye na jibu hajawa tayari kuomba, hata kama halmashauri ya mbali itampa fedha.